Ngeli za Mikanda: Uainishaji wa Awali wa Usalama katika Magari ya Kale

Wanaisimu wamebishana miaka nenda miaka rudi kama ngeli za Kiswahili zipangwe kwa umbo la nomino au kwa upatanisho wa kisarufi, na kila kizazi cha wanafunzi kimefeli mtihani kwa sababu ya mabishano hayo. Mikanda ya magari ya kale haijapata bahati ya kubishaniwa. Hakuna idara ya chuo inayoishughulikia, na mamlaka pekee ya kitaaluma iliyopo ni fundi aliyelala chini ya gari, miguu nje, ambaye hujibu maswali ya kinadharia kwa kuomba spana namba kumi na saba. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo. Yakishindwa kuliziba, angalau yatalipima, ili atakayekuja baadaye ajue aje na bamba la ukubwa gani.

Kwanza mipaka. Gari la kale, kwa madhumuni ya uchunguzi huu, ni gari lililoundwa wakati mkanda ulikuwa hiari, anasa au jambo lisilofikiriwa kabisa: Peugeot 404 na ndugu yake 504, Land Rover za Series, Volkswagen zile za mgongo wa kobe, Datsun za babu, Volvo moja moja iliyosalia kwa wenye subira. Mikweche haihusiki. Tofauti kati ya gari la kale na mkweche haimo kwenye injini, imo kwa mwenyewe: wa mkweche anatafuta mnunuzi, wa gari la kale anatafuta msikilizaji. Data ilikusanywa Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi, ambayo wazee wa spea bado wanaiita Grogan. Mbinu ilikuwa kusimama kando na kuuliza mpaka fundi akasirike. Fundi akikasirika ndipo husema kweli.

Ngeli ya Kwanza ni Mkono wa Mama. Hiki ndicho kifaa kikongwe kuliko vyote katika usafiri wa magari, na hakijawahi kuombewa hataza. Breki ikikanyagwa ghafla, mkono wa mama huruka wenyewe na kumkinga mtoto kifuani, huku mdomo ukitamka neno linalotegemea kama safari ni ya mwambao au ya bara. Kifaa hakihitaji matengenezo wala spea. Tatizo lake ni hesabu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kisha mwili wa abiria ukasimamishwa ndani ya nusu mita, kila kilo ya mwili huo inazaa mzigo wa takribani kilo 20. Mtoto wa kilo 10, yule anayepakatwa kiti cha mbele ili aone ng'ombe, kwa kufumba na kufumbua anakuwa mzigo wa kilo 200, na mzigo wenyewe unakimbilia kioo. Ngeli hii ina upendo mwingi na haina bolti hata moja.

Ngeli ya Pili ni Mkanda wa Mapaja. Wamarekani waliuanza mapema: kampuni ya Nash iliutoa kwenye magari yake mwaka 1949, na Ford waliuuza pamoja na dashibodi ya sponji kwenye magari yao ya 1956, kwa yeyote aliyekuwa tayari kuongeza fedha ili akumbushwe kwamba anaweza kufa. Kazi yake ni kuzuia nyonga. Nyonga kweli huzuilika, ila kichwa na kifua havikushirikishwa katika mpango, kwa hiyo vinakwenda mbele kukutana na dashibodi, ambayo katika Volkswagen za zamani ni bati tupu lililopakwa rangi. Sharti la ngeli hii, ambalo halivunjwi hata na wenye vyeo, ni kwamba mkanda upite chini, juu ya mifupa ya nyonga. Ukipanda tumboni utakamua vitu ambavyo Mungu hakuviumba vikamuliwe. Mwenye kitambi anatakiwa akinyanyue kwanza, afunge, kisha akishushe, na nimeona waheshimiwa wawili watatu wakikataa utaratibu huo hadharani.

Ngeli ya Tatu ni Mkanda Tuli wa Pointi Tatu: mmoja begani, mmoja mapajani, yote miwili ikikutana kwenye kifungio kimoja kando ya nyonga. Hapa uchunguzi lazima usimame kidogo umtaje Nils Bohlin. Mswidi huyu alikuwa mhandisi wa viti vya kumrusha rubani kutoka kwenye ndege za Saab, na mwaka 1958 akahamia Volvo, kutoka kazi ya kuwatoa watu nje hadi kazi ya kuwabakiza ndani. Mkanda wake wa pointi tatu ulifungwa kwa mara ya kwanza kwenye gari la kuuzwa tarehe 13 Agosti 1959, katika Volvo PV544 iliyokabidhiwa kwa wakala wa mji wa Kristianstad. Volvo walikuwa na hataza, wakaiacha wazi kila kampuni itumie. Ni ukarimu ambao haujazoeleka katika biashara ya magari, na nadhani ndiyo sababu wauza spea wengi hawauamini wakisimuliwa.

PV544 ina ukoo na Afrika Mashariki. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na nduguye Jaswant, walishinda mbio za Safari kwa Volvo ya aina hiyo hiyo, na lilikuwa gari la mtumba. Joginder alirudi kushinda tena mwaka 1974 na 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Lancer. Kwa hiyo mwenye gari la kale anayelalamika kwamba mkanda ni mtindo mpya wa kizungu usiofaa barabara zetu anapaswa kukumbushwa kwamba modeli ya kwanza duniani kubeba mkanda huo ndiyo iliyopasua matope yetu mbele ya kila mtu.

Turudi kwenye ngeli. Neno tuli linamaanisha kwamba mkanda hauna rola, haujivuti wala haujirudishi. Unaurekebisha kwa mkono mara moja, nao unakubana hapo hapo. Ukibanwa sawasawa huwezi kufikia redio, huwezi kuvuta choki, huwezi kumpa trafiki leseni kwa heshima inayostahili. Dereva basi huulegeza kidogo, kesho kidogo tena, mpaka ifike siku zinapita ngumi mbili kati ya kifua na mkanda. Katika ajali mwili husafiri nafasi yote hiyo bure, kisha unaupata mkanda kwa kishindo. Mkanda tuli ni mwaminifu kuliko yote kwa sababu hauna kitu cha kuharibika ndani yake, na unaangushwa na binadamu peke yake.

Ngeli ya Nne, Mkanda wa Kujivuta, ndiyo inayotafutwa na kila mwenye gari la kale anayetaka usalama bila kuacha redio. Ndani ya rola kuna chemchemi inayorudisha mkanda, na kuna vitambuzi viwili. Kimoja hutambua mkanda ukivutwa kwa ghafla. Cha pili hutambua gari lenyewe likipunguza mwendo ghafla au likiinama, na mara nyingi hakina umeme wala siri yoyote: ni gololi ndogo ya chuma iliyokaa kwenye kibakuli cha plastiki. Gari likigonga, gololi hupanda ukingo wa kibakuli, inasukuma kijiti, kijiti kinaingia kwenye meno ya gurudumu, mkanda unakwama. Ni mojawapo ya vitu vizuri sana nilivyowahi kuoneshwa kwenye kiganja chenye grisi.

Tabu ni kwamba gololi haijui gari lako ni la mwaka gani. Inajua tu mlalo ambao kiwanda kilikusudia. Rola iliyotengenezwa kusimama wima ndani ya nguzo ya Corolla, ukiifunga imelala kwenye sakafu ya Peugeot 404, gololi inaanguka ukingoni siku ya kwanza na mkanda haukubali kutoka hata sentimita moja. Nilishuhudia ufumbuzi wa kienyeji wa tatizo hili. Fundi alivuta, mkanda ukagoma. Akavuta tena. Akaifungua rola, akabandua kifuniko cheusi kwa bisibisi, gololi ikadondoka sakafuni na kujiviringisha mpaka chini ya benchi. Akarudisha kifuniko, akavuta mkanda, ukatoka laini.

"Mzee, sasa unavutika vizuri."

"Na ile gololi, fundi?"

"Ilikuwa inasumbua."

Mteja naye akafanya jaribio ambalo kila mtu hulifanya: akaukwanyua mkanda kwa nguvu, ukakwama, akaridhika, akalipa. Alichojaribu ni kitambuzi cha kwanza peke yake. Kitambuzi cha pili kilikuwa chini ya benchi. Anayetaka kukijaribu hana haja ya kukwanyua: rola ikiwa mkononi, uiinamishe pole pole huku ukivuta mkanda taratibu, na inapofika mwinamo wake ni lazima ikatae. Ikiendelea kutoa mkanda kwa upole, ina adabu isiyotakiwa. Na wauzaji wa mikanda mipya kwa magari ya kale huuza rola zinazoweza kurekebishwa mwinamo, au zilizotengenezwa kwa mlalo maalumu. Ni ghali zaidi ya gololi ya chini ya benchi, nakubali.

Ndani ya ngeli hii kuna kijingeli kinachohitaji onyo lake peke yake: mkanda wa mtumba kutoka gari lililochinjwa. Magari ya Kijapani huchinjwa kwa sababu nyingi, na ajali haikosi kwenye orodha. Mkanda uliomshika mtu katika ajali nyuzi zake zimeshavutika, na kuvutika huko ndiko kulikomwokoa mtu yule. Kuununua ni kununua kijiti cha kiberiti kilichokwisha kuwashwa. Ukaguzi wake si mgumu. Vuta mkanda wote mpaka mwisho, si ile nusu mita ya juu tu anayokuonesha muuzaji. Tafuta mawimbi kwenye ukingo, nyuzi zilizoota manyoya, mahali pameng'aa kwa msuguano karibu na pete ya juu, rangi iliyopauka kwa jua. Tazama kama lebo ya kiwanda bado imeshonwa. Mkanda usio na lebo hauna umri.

Ngeli ya Tano ni Mkanda wa Trafiki, na hii ni mchango wetu halisi kwa elimu ya dunia. Mkanda wa Trafiki hupatikana kwenye bega la dereva ila haupatikani kwenye kifungio. Hulazwa kifuani, ulimi wake ukakaliwa kwa paja, na hushikiliwa hapo kwa kidole gumba kuanzia kilima kabla ya kizuizi mpaka kilima baada yake. Katika spishi nyingine umefungwa kabisa, ukapitishwa nyuma ya mgongo. Nyingine, yenye usomi zaidi, ina ulimi, ina kifungio, inalia klik safi, lakini ncha yake ya chini imeshikizwa kwa skrubu ya mbao kwenye kapeti.

Wanahistoria wa ngeli hii hawawezi kuikwepa Kenya ya mwaka 2004. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, alizitaka matatu zote ziwe na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mkanda kwa kila abiria, na kwa mara ya kwanza mamilioni ya watu wakajikuta wanashika ulimi wa mkanda na kutafuta mahali pa kuuchomeka. Sheria ilikuwa njema, na nchi ilitulia kwa muda kiasi kwamba wasafiri walikuwa wakizungumza ndani ya gari. Lakini mikanda maelfu kwa maelfu iliyofungwa kwa haraka ilitimiza kila fungu la sheria isipokuwa sheria za Newton. Abiria walilalamika kwamba inachafua mashati. Malalamiko hayo nayaheshimu, kwa sababu mkanda usiofuliwa ni dalili ya mkanda usioguswa, na usioguswa ni dalili ya usiokaguliwa.

Ngeli ya Sita, Mkanda wa Mashindano, naipita haraka. Ni ule wa mabega mawili na kifungio cha duara katikati, unaofungwa kwenye Volkswagen na vijana waliotazama mbio za magari ya kale na kurudi nyumbani wakiwa na hamu. Umeundwa kwa gari lenye kizimba cha bomba ndani na kiti kigumu cha kipande kimoja. Ukiuteremsha mabegani mpaka sakafuni nyuma ya kiti cha kawaida, siku ya ajali utavuta mabega kuelekea chini na kuukandamiza uti wa mgongo.

Sasa wenye magari wenyewe. Nao wana shule zao za fikra, mbili zikiwa na wafuasi wengi.

Shule ya Chuma hufundisha kwamba gari la zamani halihitaji mkanda kwa sababu ni chuma kitupu, na ushahidi wake ni kugonga boneti kwa kifundo cha kidole na kukutaka usikilize. Shule hii inastahili jibu, maana nusu ya hoja yake ni kweli: bati la zamani ni nene. Mwaka 2009 taasisi ya bima za magari ya Marekani inayopima usalama barabarani iliadhimisha miaka 50 yake kwa kugonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso upande wa dereva, kila moja ikienda takribani kilomita 64 kwa saa. Malibu ilikunjika pua na chumba chake kikabaki chumba. Bel Air, pamoja na chuma chake chote, ilikunjika pale alipokaa mtu. Sanamu la dereva lingekuwa binadamu, lingezikwa. Yule wa Malibu angechechemea. Gari la kisasa limefundishwa sehemu ya kufa, ni boneti na buti, na mwalimu wa kwanza wa somo hilo alikuwa Béla Barényi wa Mercedes-Benz, ambaye wazo lake lilifika kwenye gari la kuuzwa mwaka huo huo wa 1959. Gari la kale halina elimu hiyo. Fimbo ya usukani katika mengi yao ni bomba moja lililonyooka kutoka karibu na bampa hadi kifua cha dereva, na ni gumu, sawa kabisa na Shule ya Chuma inavyojisifu.

Shule ya Urithi ina hoja laini zaidi. Wafuasi wake hawabishi kwamba mkanda huokoa. Wanabisha kwamba haukuwemo. Gari lilitoka kiwandani bila mashimo, na kutoboa shimo moja ni kulifanya gari liseme uongo kuhusu umri wake, hasa mbele ya majaji wa maonesho ya magari pale Ngong Racecourse. Kwao nina taarifa mbili. Ya kwanza, nchi zenye magari ya kale mengi zimewahi kuwafikiria: Uingereza, iliyofanya mkanda wa kiti cha mbele kuwa lazima tarehe 31 Januari 1983, hailazimishi kuongeza mikanda kwenye gari ambalo halikuundwa nayo, lakini mtoto wa chini ya miaka 3 haruhusiwi kupanda gari hilo kabisa. Urithi unavumiliwa, ila si kwa mtoto mdogo. Taarifa ya pili, magari mengi ya nusu ya pili ya miaka ya 60 yana mashimo tayari. Kiwanda kiliyatoboa, kikayatia nati kwa ndani, kikayaziba kwa plagi ya mpira au kuyafunika kapeti. Kabla ya kutetea ubikira wa bati lako, inua kapeti.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini cha uchunguzi, ambacho nakiita Nadharia ya Shimo. Mkanda wenyewe haumshiki mtu. Unapokea uzito wake na kuukabidhi kwenye bolti, bolti inaukabidhi kwenye bati, na mahesabu yote ya uhai yanaishia pale bati linaposema ndiyo au hapana. Mtu wa kilo 70 kwenye ajali yetu ile ya kilomita 50 kwa saa anazaa mzigo wa tani 1.4 hivi, unaokaribia uzito wa Volkswagen mbili tupu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 14, inayohusu sehemu za kushikizia mikanda, inataka gari dogo livumilie nyutoni 13,500 kwenye kipande cha bega na nyingine 13,500 kwenye kipande cha mapaja, kwa pamoja. Sasa chukua sakafu ya gari lililoishi Tanga au Mombasa miaka 50, chumvi ikipumua chini yake kila usiku, uiulize swali hilo.

Ulizo lenyewe hufanywa kwa bisibisi. Fundi mzuri wa bodi haanzi na kopo la rangi wala na mkanda. Anachuchumaa, anabonyeza sakafu karibu na kizingiti cha mlango kwa ncha ya bisibisi, na anasikiliza. Bati zima hurudisha mlio mkavu. Bati lililooza linameza ncha kimya kimya, na kwa juu rangi inang'aa bado, maana aliyepaka alipaka juu ya kutu na matumaini. Palipomeza, panakatwa mpaka kwenye chuma safi na kuchomelewa kipande kipya. Kujaza kwa fiberi na kusugua msasa ni kuliandaa gari kwa picha.

Bati likiwa zima, shimo halitobolewi uchi. Nyuma yake, upande wa chini, linawekwa bamba la chuma la milimita tatu hivi, pana kuliko kiganja, kona zimeviringwa ili zisikate sakafu zitakapovutwa. Washa ndogo peke yake haitoshi; ikivutwa kwa tani moja inapita kwenye bati na kutoka na kipande chake. Bolti ya mikanda karibu duniani kote ni ya inchi 7/16 yenye tredi 20 kwa inchi, chuma kigumu. Hii ni milimita 11 na kitu, na hicho kitu ndicho chanzo cha maafa: bolti ya milimita 12 iko kila duka, inakaribia kuingia, na fundi mwenye spana ndefu huilazimisha mpaka iingie. Ikiingia imeshakata tredi za nati. Imeshika kwa macho tu.

Juu, begani, mambo ni magumu zaidi. Peugeot ina nguzo kati ya milango, Volkswagen ina nguzo nyuma ya mlango, lakini Land Rover ya turubai haina chochote ila upepo, na ngeli ya tatu na ya nne zote zinaomba pointi iliyo usawa wa bega au juu yake kidogo. Wengine huifunga kwenye mgongo wa kiti. Kiti hicho nacho kimeshikwa na reli, reli imeshikwa na skrubu nne, na katika magari mengi ya milango miwili ya zamani mgongo wa kiti hauna hata loki ya kuuzuia usiinamie mbele. Hapo mkanda umefungwa kwa abiria mwenzake. Anayetaka kuwa salama ndani ya Land Rover ya turubai atengeneze tao la bomba nyuma ya viti, lililokaa kwenye chasisi, ndipo azungumzie mabega. Na akumbuke kwamba katika Land Rover fupi za Series tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele cha kulia. Kwetu usukani uko kulia.

Vifaa vya usalama vilivyosalia navipanga kwa viambishi. Awali ni vile vinavyotangulia ajali, na tamati ni vile vinavyoifuata. Kwa maoni yangu, mwenye fedha kidogo azimalize kwenye awali. Breki za magari mengi ya kale zina njia moja tu ya mafuta: bomba moja likipasuka, pedali inakwenda sakafuni na magurudumu yote manne yanaendelea na safari yao. Masta silinda ya njia mbili ndiyo nyongeza bora kuliko zote nilizotaja leo, kuliko hata mkanda, na haionekani na jaji yeyote. Mafuta ya breki yabadilishwe, maana yananyonya maji kutoka hewani hata gari likiwa limefunikwa gereji. Matairi yasomwe ubavuni: tarakimu nne za mwisho za msimbo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye kashata nzuri na umri wa miaka 20 ni la makumbusho. Na usichanganye radial mbele na yale ya zamani ya nyuzi za mkingamo nyuma, kwani gari litakugeukia konani bila taarifa. Taa za Volkswagen za volti 6 zinawaonesha wengine kwamba upo, hazikuoneshi wewe walipo wao. Kwenye tamati weka kizimamoto mahali mkono unafika ukiwa umefungwa mkanda, na pembetatu mbili za kuakisi, ili usivunje matawi ya mwarobaini wa watu.

Limebaki suala la kiti cha nyuma cha Land Rover, yale mabenchi mawili yanayotazamana ubavuni, ambayo uainishaji huu umeshindwa kuyaweka kwenye ngeli yoyote. Mkanda wa mapaja kwa mtu aliyekaa upande humshika nyonga na kumwacha kiwiliwili kikiyumba kuelekea mbele ya gari. Nilimpelekea swali hilo fundi wa Gerezani wiki ya Idi ya kuchinja, tukiwa tumesimama nyuma ya Land Rover ndefu ya mteja aliyekuwa anajiandaa kwenda Bagamoyo na ukoo. Ndani walikuwa wameshapanda watu wazima watano, watoto wasiohesabika, na beberu mmoja aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani, kamba ikazungushwa mara tatu kwenye mguu wa benchi na kukazwa.

Fundi alitazama kwa muda. Akaingiza mkono, akatikisa mguu wa benchi, akahesabu bolti kwa kidole.

"Huyu," akasema akimwonesha beberu, "ndiye abiria pekee niliyemfunga leo. Na bolti zake mbili hazipo."

Kisha akaniomba spana namba kumi na saba.